Kinanda cha Kanisa Kinachopima Pumzi za Injini

Saa mbili asubuhi umeme haupo, na katika karakana moja ya Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, mtu mzima anakanyaga kinanda cha kanisa kisichotoa sauti. Ezéchiel Akonkwa ana grisi hadi kwenye viwiko. Juu ya kinanda, mahali palipokuwa na vibonye, amefunga kwa bolti kichwa cha injini ya pikipiki. Anakanyaga, anakanyaga, kisha anasimamisha miguu na kutazama saa ya simu.

Ndani ya mbao, mvukuto uliokuwa umebanwa unafunguka taratibu na kuvuta hewa kupitia kichwa cha injini. Hakuna wimbo, ni pumzi tu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za fundi huyu zimeota mahali ambapo wengi wetu tuna upara.

“Nitafungua tena soupape kidogo,” anasema. “Tuone kama itapumua mbio kuliko mbele.”

Soupape ndiyo valvu, mlango mdogo unaoingiza hewa kwenye injini. Unafunguliwa na kemshafti, chuma kinachozunguka chenye nundu: nundu ikiinuka zaidi, mlango nao hufunguka zaidi. Waendesha pikipiki za mashindano wanazipenda sana nundu ndefu.

Élie, motari (mwendesha moto, yaani pikipiki) anayejiandaa kwa mbio za Jumapili za kupanda Bagira, alikuwa mmoja wao. Aliagiza kemshafti ya nundu ndefu kutoka Kampala. Katika mbio zilizopita pikipiki ilianza kukohoa mlimani, valvu ikagonga pistoni, naye akamalizia safari akiisukuma mbele ya watu wote.

“Mi nilizani kama soupape inafunguka sana, njo nguvu,” anasema Élie, ameketi kwenye benchi akisubiri hukumu. “Kumbe baliniuzisha makelele.”

Ezéchiel hamcheki. “Mulango ya kanisa unaweza kuifungua yote,” anamwambia. “Lakini kama kolido iko ndogo, batu banapita tu moja moja. Culasse yako njo kolido. Kisha sept millimètres, haimezi tena hewa ingine.”

Culasse ni hicho kichwa cha injini alichokifunga juu ya kinanda. Amepandisha valvu hatua kwa hatua, na kila hatua mvukuto ulijaa haraka zaidi. Baada ya milimita saba ameipandisha tena, na tena, lakini muda wa kujaa umebaki uleule. Basi nundu ya Élie itasagwa na kuchongwa upya ifike hapo. Kinachozidi ni kuchosha springi na kuitafuta pistoni kwa ugomvi.

Ezéchiel, mwenye umri wa miaka 47, alizaliwa Luberizi, ambako tonton wake, yaani mjomba, Honoré alitengeneza mashine za kukoboa mpunga. Kwa mzee huyo alijifunza kuisikiliza mashine kwanza, mwenye mashine baadaye. Alipohamia Bukavu alichonga kemshafti kwa kukisia kama mafundi wengine. Kazi moja ilimpa dola thelathini, na injini moja iliyovunjika ilimeza malipo ya kazi tano. Aliulizia mtambo wa kupimia hewa. Bei aliyotajiwa hakuiuliza mara ya pili.

Miaka mitatu iliyopita alikikuta kinanda hiki kwenye stoo ya parokia, ngozi yake imetafunwa na panya. Padri alimwambia akichukue kama kitamfaa, ila kibaki mali ya parokia. Akashona ngozi mpya. Vile vilimi vya shaba vinavyotoa sauti alivichomoa, akavifunga kimoja kimoja kwa karatasi na kuvihifadhi kwenye boksi.

“Sikutupa hata moja,” anasema. “Vile ni vitu ya Mungu.”

Wiki hii mwenye kinanda kaja kudai chake. Jubilei ya parokia inaanza Jumapili, na kinanda cha umeme kinaiacha kwaya njiani kila umeme unapokatika katikati ya misa. Maman Georgette, kiongozi wa kwaya, alikuja karakana mwenyewe. Ezéchiel akamwomba wagawane: siku za kazi kikae kwake, Jumapili kiende kanisani.

“Papa Ezé,” mama akajibu, mikono kiunoni, “unataka kanisa ikuwe deuxième bureau yako?”

Karakana nzima iliangua kicheko, maana huku deuxième bureau ndiyo nyumba ndogo. Ezéchiel naye alicheka, kisha akakubali kukirudisha. Bila kinanda hicho atarudi alikotoka, kwenye kukisia, na hilo linamtisha kuliko anavyopenda kuonyesha.

“Inaniuma,” anakiri. “Hii njo macho yangu. Lakini kintu ya kuimba haiwezi kubakia inapima tu.”

Kukisia, hata hivyo, amekataa. Ameanza kuchonga mbao za mvukuto wake mwenyewe, kwa vipimo vya hiki cha kanisa, na ngozi za mbuzi amekwisha kuagiza Idjwi. Anatumaini utakuwa tayari kabla ya Noeli. Hadi hapo hapokei kichwa cha injini cha mtu yeyote, na mwenye haraka anamwonyesha njia ya kwa majirani. Ni miezi ya kufunga mkanda, na mkewe, Françoise, ameshaambiwa. Mtu anayekubali njaa kuliko kubahatisha mali ya mwenzake anastahili kuvuliwa kofia.

Kazi ya Élie ndiyo ya mwisho. Kesho Ezéchiel ataanza kurudisha vilimi na vibonye mahali pake, na Jumamosi kinanda kitabebwa kupelekwa parokiani. Mbio za Bagira ni Jumapili asubuhi, saa ileile ya misa, na Élie anamsihi aje kuiona kazi ya mikono yake ikipanda.

Fundi anatikisa kichwa, mkono wake ukiwa juu ya mbao za kinanda.

“Moto yako nimeisha kuisikia,” anasema. “Hii, miaka tatu niko nasikia tu pumuzi yake. Dimanche nitaenda kusikia sauti.”