Niliomba mtaa mzima wa Kamalondo uchomoe majiko ili umeme urudi: maisha yangu ndani ya shirika la umeme, Lubumbashi

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni kijana wa Kamalondo, Lubumbashi. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, nacheka peke yangu kwenye nyuzi zenu. Leo nafungua mdomo.

Haya ninayoandika sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyashika kwa mkono wangu wenye glovu. Glovu ya pili ilikuwa kwa mwenzangu.

Kiswahili chetu cha huku kinatembea na Kifaransa mkono kwa mkono, mtanivumilia.

Basi, ninafanya kazi kwenye shirika kubwa la umeme. Jina sitaji. Nalipenda shirika langu, na ningependa lizidi kutonijua.

Msinione injinia. Shule niliiacha njiani. Mimi ni journalier, yaani kibarua: leo upo, kesho utaambiwa. Lakini siku nilipopewa lile koti lenye mistari inayong'aa, nilirudi nyumbani kwa njia ndefu makusudi, nipite mbele ya watu wengi. Nilijiambia, mimi ndiye nitakayewasha Katanga.

Maana fikirini wenyewe. Shaba iko chini ya miguu yetu, nyaya za dunia zinatoka kwetu, halafu sisi tunapika kwa makala, yaani makaa.

Sasa mambo ya ndani.

Gari tunalo. Mafuta hatuna. Siku mafuta yakipatikana, dereva yuko matangani. Ngazi tunayo, ndefu, nzuri, ila iliazimwa na kikosi cha upande wa Naviundu, na kwa jinsi ilivyokaa kule nadhani imeshaoa.

Na ukivaa lile koti, jina lako la ubatizo limekufa. Mtaani mimi naitwa Courant, yaani Umeme. Umeme ukikatika, ni mimi niliyekata. Ukirudi, ni Mungu.

Hata kanisani. Padri akisema tuwaombee wanaotutesa, mama wa benchi la mbele anageuka taratibu ananitazama.

Haya, kisa chenyewe.

Kebo ya mtaa wetu iliungua, tukakaa gizani karibu wiki. Nasema mtaa wetu kwa sababu naishi hapo hapo, kwa dada yangu mkubwa, Yaya Mujinga. Yaya kwetu ni dada mkubwa, na Mujinga ni jina tu la kwetu, msicheke. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki.

Yaya anauza samaki wa barafu, wale wanaoingia na malori kutoka mpakani Kasumbalesa. Ana friza moja kubwa, sisi tunaiita congélateur, na wiki ile ilikuwa imejaa mpaka kifuniko kinakataa kufunga.

Siku za kwanza aliifunika mablanketi. Akaongeza magunia. Akaongeza sala. Jumamosi asubuhi maji yakaanza kutambaa sakafuni kutoka chini ya friza.

Samaki wale wakioza hakuna mtaji mwingine. Na hiyo biashara ndiyo inayotulisha sote nyumbani, maana mshahara wa kibarua wa umeme ni mzuri sana kwa kusimulia.

Jumamosi hiyo hiyo, kwa muujiza, gari likapata mafuta. Chef wetu, mkubwa wa kikosi, ni Papa Kyungu, mzee anayekaribia pensheni, mpole, maneno yake machache. Tukachimba, tukaunga kebo, tukafukia. Kisha tukaingia kwenye cabine, kile kijumba cha matofali mwisho wa barabara chenye swichi kubwa ya mtaa.

Papa Kyungu akaisukuma.

Nje nikasikia mtaa mzima: "Eeeeeh!"

Swichi ikafanya pah! Ikaruka.

"Aaaaah!"

Akarudia. Eeeeeh. Pah. Aaaaah. Mngedhani kuna mechi.

Akapiga simu ofisini. Sauti ya huko, ya mtu aliyekaa kwenye kiti kinachozunguka, ikasema: kama inaruka basi kebo bado mbovu, fungeni, mtarudi lundi.

Lundi ni Jumatatu, wakuu. Jumatatu samaki wa Yaya wangekuja ofisini wenyewe kwa miguu kulalamika.

Papa Kyungu akakata simu. "Kebo iko bien," akaniambia. "Ni ma réchaud."

Niwaeleze, maana hili huenda ni la kwetu tu. Lubumbashi umeme ukikatika hakuna anayechomoa kitu. Réchaud, lile jiko la umeme, linabaki limewashwa na sufuria juu. Pasi kwenye prise, yaani soketi. Televisheni kwenye prise. Tunaamini courant ni kama maji ya bomba: mwenye ndoo chini ya bomba ndiye atakayekinga wa kwanza. Sasa umeme ukifika, mtaa mzima unavuta kwa pamoja, na swichi inapaliwa.

"Petit, enda uambie bantu batoe ma prise yote," akasema Papa Kyungu. "Tunarudisha courant, kisha kila muntu anaingiza polepole."

"Na bakikatala?"

"Weye njo mutoto ya hapa. Batakusikia."

Naam. Walinisikia vizuri sana.

Nikaanza kwa Papa Banza, fundi cherehani. "Mi nitoe, jirani abakie?" akasema. "Courant ikifika atakula peke yake? Anza na ule."

Nikaenda kwa yule jirani. "Papa Banza ametoa? Na ile fer yake ya kunyosha? Akitoa, na miye nitatoa."

Nikaenda kwa Mama Béa mwenye baa. Akashika kiuno. "Courant, weye njo ulikata. Sasa unakuya tukusaidie kukata?" Wateja wake wakapiga meza kwa kicheko.

Nikasema basi nianzie nyumbani, damu yangu haitanitupa.

"Yaya, toa prise ya congélateur kidogo."

Akanitazama na kitambaa cha kufutia maji mkononi. "Nimekulea na hii mikono. Leo samaki inalia machozi, na unaniambia nitoe prise?"

"Ni dakika kidogo, Yaya."

"Dakika ya shirika yenu? Ile yenye mwaka ndani?"

Nikarudi kwa Papa Kyungu mikono mitupu. Akashusha pumzi. "Waambie voltage," akasema.

Hiyo ni dawa ya wazee wa kazi. Unawaambia watu courant inarudi kali, itaunguza vyombo. Mtu wa Lubumbashi anaweza kucheza na roho yake, lakini na televisheni yake, hapana.

Nikasimama katikati ya barabara. "Voltage inakuya ya nguvu! Toeni prise! Ma télé itaungua!"

Wakuu! Mtaa ulichomolewa kabla sijavuta pumzi. Jamaa mmoja alitoka na televisheni kifuani, akaikalisha kwenye kiti uani na kuifunika kitenge kama mgonjwa. Papa Banza alisogeza mbali na ukuta hata ile cherehani ya kukanyaga kwa miguu.

Papa Kyungu akasukuma swichi. Ikashika. Ikatulia. Nilisikia ule mvumo wa umeme unaotembea, na machozi yakanilenga. Nina moyo laini, msinicheke.

Nikakimbia nyumbani. "Yaya, courant iko! Ingiza congélateur!"

Yaya alikuwa amekaa mbele ya friza, plagi mapajani kama mtoto. "Siingize."

"Juu ya nini?"

"Ulisema voltage."

"Ile tulisema tu, ili batu batoe."

"Donc ulidanganya mbele, ao unadanganya sasa?"

Swali hilo hata ningemaliza shule nisingeliweza.

Na si yeye tu. Barabara nzima umeme upo, na hakuna anayeutaka. Kwa mara ya kwanza katika mji wetu courant ilikuwa inasubiri wateja. Shirika lingejua lingeita waandishi wa habari.

Nikachukua simu yangu, ile niliyoinunua kwa jasho, nikaichomeka kwa Yaya mbele ya dirisha. Mtoto wa jirani akachungulia.

"Imeshika! Simu ya Courant imeshika!"

Kosa. Barabara nzima ikarudi ndani mbio, kila mtu na prise yake, kila sufuria juu ya réchaud yake.

Pah!

Hapo hata aaaah haikuwepo. Walitoka tu milangoni, wakanitazama.

Papa Kyungu akaja taratibu. "Petit, najaribu mara moja tena. Kisha nafunga, gari inarudi." Na gari, nyinyi mnajua, likirudi limerudi.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro. Ukweli niliwaambia wakakataa. Uongo niliwaambia ukaisha. Sikuwa na kitu cha tatu.

Ndipo nikasikia chuma kinaburuta.

Yaya Mujinga alikuwa anaisukuma friza yake, na vijana wawili wakimsaidia, mpaka kizingitini, maji yakichuruzika. Akafungua kifuniko. Harufu ikasalimia wote bila kuchagua. Akainua waya juu ya kichwa, plagi ikining'inia.

"Munaona? Mimi nimetoa. Nani hapa iko na kintu ya kuoza kupita yangu? Aseme!"

Akamnyooshea fundi cherehani ile plagi.

"Papa Banza, fer yako inaoza?"

"Hapana, Mama Samaki."

"Basi toa. Mama Béa, réchaud yako inanuka?"

"Eh, mama, usinitaje, natoa!"

Watu wakaanza kucheka. Akapita mlango kwa mlango, na kila nyumba aliyotoka mwenye nyumba alibaki mlangoni ameinua waya, aonekane na wote. Akapanga na zamu: friza yake, kisha za wengine, kisha taa. Réchaud baadaye, moja moja. Baa mwisho, "juu bière ya moto haijaua muntu."

Papa Kyungu akasukuma. Ikashika.

"Samaki mbele!" barabara ikapiga kelele.

Vijana wakairudisha friza ukutani, Yaya akachomeka. Friza ikakohoa, ikatetemeka, ikaanza kunguruma. Hakuna aliyeruka zamu. Hata Mama Béa alisubiri, ingawa kwa matusi.

Yaya akakaa kizingitini, akanitazama na lile koti langu lenye udongo. "Umekula?" akaniuliza.

Samaki wa juu walikuwa wamelainika, akawakaanga jioni ile ile na wakaisha. Wa chini walipona.

Jumatatu ofisini nikasikia panne, yaani hitilafu, imetatuliwa na "huduma za kiufundi". Mkubwa akampongeza mkubwa. Mimi bado ni kibarua, na ngazi bado iko kwa wakwe zake.

Nilichojifunza, wakuu: watu hawakukataa kuchomoa. Walikataa kuambiwa na mtu ambaye hana kinachooza. Ile dawa ya voltage nimeiacha. Siku hizi tukiingia mtaa wowote, kabla sijashika hata waya, nauliza kwanza: hapa nani anauza samaki?

Wenye kutaka kunitukana kwa giza la kwenu, karibuni, nimezoea. Ila nanyi mniambie: huko kwenu umeme ukisumbua, mtaa unamsikiliza nani?