Samli Ndani ya Bunduki

Mwaka huo wa sitini na kitu, kiboko alikula mtama wetu siku tatu mfululizo. Shamba lilikuwa hilo moja tu, ufuoni, upande wa Homa Bay. Wazazi walikuwa wamefariki, na mimi, binti mkubwa, nilikuwa nimeacha shule darasa la tano ili wadogo zangu watatu wale. Mtama ukiisha ningelazimika kuwagawa kwa mashangazi, jambo ambalo nilikuwa nimelikataa mbele ya ukoo mzima.

Nikaenda kwa chifu. Akanipa askari mmoja na bunduki moja iliyozeeka kumshinda askari.

Jioni, kabla ya kuisafisha, askari alitupanga mstari.

"Bunduki hata ikiwa tupu, hesabu kwamba ina risasi. Mtutu hauangalii mtu. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka umeona unachopiga na kilicho nyuma yake."

"Na kama nyuma yake kuna ng'ombe?" akauliza kitinda mimba wetu.

"Unangoja."

"Na kama ni shangazi?"

"Unangoja zaidi."

Kichupa chake cha mafuta kilikuwa kikavu. Nikatoa samli niliyowawekea wageni. Mdogo wangu wa kike akanung'unika kwamba sasa bunduki inakula vizuri kuliko sisi. Askari akainusa, akaniita binti kwa Kijaluo, "Mafuta ni mafuta, nyako," akaipaka bolti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, mpaka ikanukia kama mboga za Krismasi.

Alfajiri kulikuwa na baridi. Kiboko alikuwa katikati ya mtama, anatafuna bila aibu. Askari akalala kifudifudi, nami kando yake na wadogo zangu nyuma, akahakikisha nyuma ya mnyama hakuna mtu wala mtumbwi, akalenga, akafyatua.

Ikalia "te!" kama kijiko kilichodondoka.

Nikataka kuinuka. "Lala!" akanong'ona. "Huenda risasi imechelewa tu. Mtutu unabaki huko huko, tunahesabu mpaka thelathini."

Akaanza. Kiboko akang'oa shina. Askari akapotea kwenye kumi na moja, akarudia moja.

"Afande, harakisha, mtama unaisha!"

"Hii si mbio, nyako!"

Alipopotea mara ya pili, kitinda mimba, aliyelala nyuma yetu, alishindwa kuvumilia. Akapaza sauti kama yuko darasani: "Moja! Mbili!" Wengine wakadakia. Kiboko akainua kichwa, shuke likining'inia mdomoni, akatusikiliza mpaka kumi na tisa, kisha akaelekea ziwani kama mtu aliyekumbuka shughuli.

Tulipomaliza thelathini, askari aliivuta bolti. Ilitoka polepole kama mwiko kwenye ugali. Samli ilikuwa imeganda kwa baridi, na ile pini ya kugonga risasi ilikuwa imeibusu tu. Kwenye kitako cha risasi palikuwa na alama ndogo kama ya ukucha.

"Chifu asisikie habari za samli," akasema.

Akaenda kutafuta mafuta ya kweli, asirudi kwa wiki mbili. Basi kila alfajiri tulisimama kando ya shamba tukahesabu kwa nguvu zetu zote. Nusu ya mtama ikapona, na hakuna mtoto aliyepelekwa kwa shangazi. Taabu ilikuwa kitinda mimba: kila tukifika thelathini alikataa katakata kuendelea, tukaanza tena na moja.