Mwalimu wa Mazingaombwe Kwenye Njia ya Toroli

Kaa vizuri unisikilize, maana sina nguvu za kulisimulia jambo hili mara mbili. Wapo watakaokuambia kwamba mzee huyu alikuwa na homa, au alichoka mno akaota huku anatembea. Kuchoka nilichoka, sikatai. Kuota sikuota. Yalinipata mimi mwenyewe, akili zangu timamu, na jua lilikuwa bado halijazama.

Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyekuwa akitawala, nami nilikuwa mkata mkonge katika shamba moja upande wa Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi. Kazi ya mkonge unaijua? Unakata majani mpaka kiganja kinakuwa kigumu kama kwato, miiba inakuchoma, utomvu unakuwasha mwili mzima. Ukimaliza kukata unafunga mizigo na kuibeba hadi kwenye reli nyembamba, toroli zipite ziichukue kwenda kiwandani. Mtu akitoka huko hana hamu hata ya kuitwa jina lake.

Nyumbani nilikuwa na mtoto mmoja tu, binti yangu Somoe, miaka kama saba hivi. Mama yake alifariki kwa homa, na homa hiyohiyo ikamwacha Somoe hai lakini miguu imelegea. Alikuwa akishinda juu ya kitanda cha kamba mlangoni, akitunzwa na dada yangu Mwajuma. Halii, halalamiki. Anatazama tu. Niamini, mtoto anayelia anachosha, lakini mtoto anayetazama tu anachosha zaidi.

Sikukuu ya Idi nikambeba mgongoni hadi mjini. Kulikuwa na mtu wa mazingaombwe, anawatoa watu mayai masikioni. Aliponitoa la kwangu, Somoe akacheka. Kifua chake kikawa kinagonga mgongo wangu. Nilitembea njia nzima ya kurudi nikikisikia kile kicheko, nikaapa nitajifunza michezo ile, hata kama ni mmoja tu.

Nani wa kunifundisha? Yule mtu alishaondoka mjini. Basi nikawa najaribu mwenyewe kuficha korosho kiganjani. Inaanguka. Naiokota, inaanguka tena.

Jioni moja nilikaa kwenye reli ya toroli kwa sababu miguu ilikataa kwenda. Nikatoa korosho yangu. Nyuma yangu mtu akasema, "Unautazama mkono wenye korosho. Ndiyo maana huwezi."

Nikageuka. Mwanamume wa makamo, amevaa kanzu nyeupe. Sasa nikuulize wewe, kanzu itapitaje katikati ya mkonge isishike hata vumbi? Lakini mtu aliyechoka hana maswali. Nikamwambia, "Salaam aleikum." Hakuitikia. Alikaa kando yangu, akasema ni mtu wa kijiji cha Milola, akaichukua ile korosho. Nikaviona viganja vyake. Laini, havina mstari hata mmoja, kama sehemu ya ndani ya sahani.

"Ibane hapa, kwenye shina la kidole gumba," akasema. "Halafu utazame mkono mtupu. Naye atatazama unakotazama wewe."

Nilijaribu, nikaweza. Nikamuuliza, "Nikupe nini, bwana?"

"Usinipe kitu. Kesho uje unieleze alivyocheka."

Sikuwa nimemwambia kwamba nina mtoto. Hilo nalo nilikuja kulifikiria baadaye.

Nilifika nyumbani nikamfanyia Somoe. Alinifungua vidole kimoja kimoja, akachungulia hadi kwapani, kisha akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mwajuma akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "We! Kuna nini huku?" Nikamwonyesha tu ile korosho.

Kesho yake nikamsimulia yule mtu. Laiti ungemwona anavyosikiliza! Alifumba macho, mdomo wazi kidogo, koo likipanda na kushuka. "Kicheko kilianzia wapi," akauliza, "puani au kifuani? Na kwikwi, ilikatiza katikati au ilikuja mwishoni?" Nikamweleza yote. Nilipomaliza akajipangusa midomo kwa mgongo wa mkono. Kisha akanifundisha kukata kamba ya katani na kuirudisha nzima. Siku nyingine akanifundisha fundo la leso linalofunguka lenyewe. Na kila nilipojifunza, Somoe alicheka, nami nikaenda kusimulia.

Jioni moja nikasema niurudie ule mchezo wa korosho. Somoe akanitazama tu.

"Baba, unafanya nini?"

"Si mchezo wetu wa korosho? Ulicheka mpaka ukapata kwikwi."

"Mimi? Lini?"

Nikachukua kamba. Hali ni ileile. Mtoto hakumbuki kitu. Mwajuma akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, huyu mtoto anacheka jioni, asubuhi anaamka hali yake mbaya kuliko jana. Leo hata uji haukupita kooni. Nani anakufundisha mambo haya?"

"Mtu wa Milola."

"Mtu wa Milola gani? Hana jina?"

Jina sikuwa nalo. Sikuwahi kumuuliza.

Siku iliyofuata nilimkuta ameshakaa relini ananisubiri. "Leo sina cha kukufundisha," akasema. "Leo nisimulie kicheko cha Idi. Kile cha mgongoni kwako."

Nywele zilinisimama. Cha Idi sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Mwajuma. Lakini uchovu ni kitu kibaya, ndugu msikilizaji. Ulimi ulianza wenyewe. "Nilikuwa nimembeba..." nikasema, na palepale mgongo ukawa wa baridi, mahali hasa kifua cha Somoe kilipokuwa kikigonga, kama nimebandikwa nguo mbichi. Nikakatiza maneno.

"Hapana, bwana. Hicho ni changu."

Hakukasirika. Alisimama, akakung'uta kanzu isiyo na vumbi. "Basi nitakwenda kukisikia mwenyewe."

Nilikimbia kwa miguu ileile niliyokuambia imekataa. Nilikatiza katikati ya mkonge, miiba ikanichana, sikuisikia. Nilipofika uani nikamkuta amechuchumaa kando ya kitanda cha mwanangu. Mwajuma alikuwa akitwanga hatua chache tu kutoka pale, na alipoacha mchi kuchukua ungo alipita karibu naye kama mtu apitavyo mahali patupu. Yule mtu alikuwa anavigeuza viganja vyake taratibu, na Somoe hakuyaondoa macho pale. Midomo yake imeanza kutabasamu.

Ningefanya nini? Nilisoma zile dua chache nilizokuwa nazo, pumzi zinakatika. Nikatoa korosho mfukoni nikapaza sauti, "Somoe! Nitazame mimi, mwanangu!"

Korosho ikaanguka. Nikainama kuiokota, nikajikwaa kwenye kinu, kinu kikapinduka, mchi ukanipiga kisigino, nikaenda chini kichwa mbele kwenye ungo wa unga. Nilipoinuka nilikuwa mweupe kuanzia kwenye nywele.

Somoe aligeuka akaniona. Akacheka. Alizishika kamba za kitanda kwa mikono miwili asianguke.

Yule mtu akasimama. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekumwagia chakula. Akasema, "Hicho sikukufundisha mimi." Akapita karibu yangu, akanipitishia kiganja kile mbele ya uso bila kunigusa, akazunguka nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Hapakuwa na mtu. Mwajuma alikuwa amemwaga majivu pale jioni hiyo kabla ya kutwanga, na juu ya majivu hapakuwa na alama ya mguu.

Niliporudi, Mwajuma alikuwa analia kwa furaha. "Msikie mtoto anavyocheka! Msikie!"

Nikamtazama Somoe. Mdomo uko wazi, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Mwanzo wa kicheko kile niliusikia nikiwa kwenye unga. Sasa nilisikia kuku, nikasikia dada yangu anavyovuta kamasi. Kicheko cha mwanangu sikukisikia.

Mpaka leo sikisikii. Somoe alipona polepole, miguu ikarudi, mmoja unachechemea kidogo. Aliolewa, ana watoto, na watu husema akicheka nyumbani kwake anasikika kisimani. Akizungumza namsikia. Akikohoa, akilia, akimwimbia mtoto, nasikia vyote. Akianza kucheka tu, ni kama mtu amefunga mlango. Nimesomewa na mashehe. Daktari wa hospitali alinimulika masikio, akasema hayana kasoro. Milola nimekwenda, nimeuliza nyumba hadi nyumba, mtu wa namna ile hawamjui.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumchekesha mwanao, mchekeshe. Jifunze mazingaombwe, hakuna ubaya. Lakini akitokea mtu usiyemjua, akakufundisha bure, kisha akataka umsimulie mwanao anavyocheka, funga mdomo uende zako. Usikae naye hata kidogo, hata kama umechoka. Hasa kama umechoka.