Maziwa Yalikuwepo

Asubuhi ile nilikuwa uani kwetu Kashai nafua nepi za Koku, na gauni langu lilikuwa limelowa kifuani. Si kwa maji ya kufulia. Nilikuwa na maziwa mimi, jamani, mpaka naona aibu. Koku akilia chumbani nami niko bombani, kifua kinajibu kabla miguu haijaondoka. Hata mtoto wa jirani akilia, yanatoka. Deusi, mume wangu, alikuwa dereva wa lori la kubeba kahawa, na kila akirudi safari alikuwa na la kunitania. "Wewe tukikupeleka sokoni," anasema, "wenye ng'ombe wote watahama mji."

Nikimweka Koku kifuani, kwanza nasikia kama sindano, halafu yanashuka, halafu mwili mzima unalegea na usingizi mtamu unanijia. Nimeunguza maharage mara nyingi kwa sababu ya usingizi huo. Nayasema haya mapema kwa kuwa raha ile ndiyo niliyoipoteza kwanza, kabla ya mwanangu.

Watu wakisikia nilikuwa Bukoba wakati wa vita, wanataka niwasimulie habari za askari na mizinga. Askari wa adui mimi sikumwona hata mmoja. Yaliyonipata ni ya chumbani na ya kifuani, na mwenye haraka aende akawasikilize wengine.

Tulikuwa tumeshasikia redioni kwamba majeshi ya Uganda yameingia upande wa Kyaka. Balozi wetu wa nyumba kumi akapita akituamuru tuchimbe mahandaki nyuma ya nyumba. Deusi alichimba letu, kuku wa mwenye nyumba wakahamia humo, tukacheka sana. Vita kwetu ilikuwa bado mambo ya redioni.

Ndege ilikuja nikiwa naanika nepi.

Sikuisikia. Niliiona tu, chini kabisa, juu ya mabati, halafu ardhi ikaruka.

Nilijua natakiwa kukimbia. Miguu haikwenda. Nilimwona mke wa mwenye nyumba yuko handakini ananifokea, mdomo unafunguka na kufungika, sauti yake siisikii. Nikajiambia, mtoto yuko ndani. Nikabaki nimesimama pale pale, nimeshika nepi kwa ncha zake mbili.

Likaanguka bomu la pili.

Hapo sikumbuki kitu. Nilijikuta chini ya kitanda, Koku yuko chini ya kifua changu, goti linavuja damu, na nepi mbichi bado iko mkononi. Nani alinitoa uani mpaka pale? Ni mimi mwenyewe, bila shaka, lakini huyo mimi sikumwona.

Koku alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Nikampa titi. Akavuta, akavuta, akaliachia, akanitazama usoni, akaanza kulia upya. Nikambadilishia la pili. Nalo kavu.

Jioni Deusi alikuja na lori. Jeshi lilikuwa limelichukua, na dereva wake pamoja nalo. Alikuwa ameomba ruhusa ya kunifikisha kwa mama yake Kanazi, basi. Barabarani watu walikuwa wanaukimbia mji na magodoro kichwani, na mmoja amebeba cherehani. Koku alilia njia nzima.

"Mnyonyeshe, analia nini huyu?"

"Hayatoki, Deusi."

"Hayatoki vipi? Wewe?"

Alitaka kucheka, akanitazama, akaacha. Tulipofika Kanazi hakuzima hata gari. Alimshika Koku kichwani kwa kiganja chake, akaniambia, "Mtunze," akageuza lori.

Mama mkwe wangu, Ma Paskazia, hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Nusu ya watoto wa kijiji kile walizaliwa mikononi mwake, na mimi alinipenda kuliko wakwe zake wengine, mpaka wenzangu wakanuna. Alinipokea mlangoni, akaniangalia mara moja tu.

"Ulishtuka?"

"Nilishtuka, mama."

"Ukampa maziwa baada ya kushtuka?"

"Nilijaribu. Hayakutoka."

Akamchukua Koku mikononi mwangu. "Mungu amemkinga," akasema.

Kwetu jambo hilo lilijulikana. Maziwa ya mama aliyepata mshtuko yameharibika, na mtoto akiyanyonya anapata degedege. Inabidi yakamuliwe na kumwagwa mpaka hofu iishe. Nani angebisha? Hata mama yangu mzazi angesema hivyo hivyo. Basi Ma Paskazia akanipeleka kibanjani, shamba letu la migomba, akanikalisha kwenye shina la mgomba, akanikamua kwa mikono yake migumu. Yalitoka matone tu. Akayafukia kwa mguu.

Koku akapewa omuramba, ile juisi ya ndizi mbivu, umezimuliwa kwa maji, kwa kijiko. Alilamba midomo, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Umeona?" mama akaniambia. Nikapiga magoti nikamshukuru.

Hatukukaa Kanazi. Siku chache tu zikaja habari kwamba adui amevuka mto pale Kyaka. Hazikuwa kweli, lakini nani alingoja kuhakikisha? Tulitembea na wenzetu kuelekea Muleba, mama amembeba Koku mgongoni kwa sababu hakutaka aje kifuani kwangu, mimi nimebeba sufuria na mkungu wa ndizi. Tukafikia kwenye shule ya msingi. Madawati yalikuwa yamerundikwa nje, sisi tukalala darasani, familia hapa, familia pale, na ukutani bado kuna ramani ya Afrika. Maji tulichota bondeni, tukigombania na ng'ombe.

Koku akaanza kuharisha.

Nilikwenda zahanati. Nilikuta watu wamelala mpaka kwenye majani, na mganga mmoja anawaambia dawa imekwisha, chemsheni maji. Kuni zenyewe zilikuwa za kuombana! Nikarudi.

Matiti yangu wakati huo yalikuwa yamekuwa magumu kama mawe, yana moto, hata kuinua mkono siwezi. Mama aliyagusa, akatikisa kichwa. "Sumu imejaa," akasema. Akanikamua tena, nikauma kanga nisipige kelele, na hakikutoka kitu cha maana. Lori likipita barabarani nilikuwa najibana ukutani. Dawati likianguka nje, moyo unapiga mpaka naona giza. Senene, panzi wetu wa kukaanga, wakaanguka mwaka ule kama miaka yote, watoto wakawakimbilia kwa kelele, na mwanamke mmoja akanipa kiganja kizima cha waliokaangwa. Mimi, ambaye kwa senene nilikuwa naweza kugombana na dada yangu! Nikatafuna. Pumba tupu. Nikamrudishia.

Koku alikuwa anaisha. Utosi ulikuwa umebonyea, machozi hana, akilia haisikiki sauti, unaona mdomo tu.

"Nipe mwanangu," nikamwambia mama.

"Unataka kumwua?"

"Anakufa hata hivyo. Nipe mwanangu!"

Watu darasani waligeuka kututazama. Sikuwahi kumpandishia sauti mama mkwe, na katika nyumba zetu hilo si jambo dogo. Alimfungua mgongoni, akanipa.

Koku alilishika titi. Hakuwa na nguvu, lakini alilijua, akalishika. Nikawa naliambia lile titi, toka, toka, nakuomba, toka. Kadiri nilivyoliamrisha ndivyo lilivyozidi kujifunga. Jasho lilinitiririka. Mtoto akaliachia mwenyewe, taratibu, akaniangalia kama mtu aliyekosea nyumba.

"Umejaribu, mwanangu," mama akasema, akamchukua tena kwa upole. Afadhali angenipiga.

Koku alifariki kesho yake asubuhi, akiwa mgongoni mwa bibi yake kwenye foleni ya unga.

Mama alijua. Alisikia mgongoni mtoto amebadilika uzito. Akabaki kwenye foleni, akasogea na wenzake, akafika mbele, akapokea unga. Ndipo akaja darasani, akauweka chini.

"Leokadia, kaa chini."

"Nimekaa, mama."

Nilikuwa nimekaa kweli. Akakaa na yeye, akanigeuzia mgongo ili nimfungue mtoto mwenyewe.

Tulimzika nyuma ya shule, kwenye ardhi isiyo yetu. Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba ya babu zake, hata akiwa mchanga namna ile. Katekista alisali haraka kwa sababu kulikuwa na mwingine wa kuzika. Sikulia. Niliporudi darasani nilikaa chini ya ile ramani, nikawa natazama miguu ya watu ikipita.

Upande wa pili wa darasa kulikuwa na mwanamke Mlutheri wa Kibeta, amelala hoi kwa homa, na mtoto wake mchanga pembeni. Yule mtoto akaanza kulia kwa njaa.

Nikasikia sindano.

Halafu yakashuka. Sijawahi kuona maziwa kama yale. Yalilowesha gauni mpaka kiunoni, yakadondoka sakafuni, na mimi nimeyatazama tu, mikono chini. Na ile raha ikaja, ile ile ya zamani, mwili ukalegea na usingizi ukanijia. Siku ya kumzika mwanangu! Nilijipiga kifuani kwa ngumi. Nililaani mwili wangu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

"Dada," yule wa Kibeta akaniita, "nisaidie."

"Mimi nilipigwa na mshtuko. Maziwa yangu mabaya."

"Nisaidie hivyo hivyo."

Nilimchukua mtoto wake. Alinyonya kwa pupa mpaka akapaliwa. Nilimchukia, Mungu anisamehe, na wakati huo huo sikutaka amalize. Nilipoinua macho, Ma Paskazia alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maji. Siku ile yote, na iliyofuata, alikuwa akipita karibu na yule mtoto na kumchungulia, anangoja degedege. Mtoto akacheua, akalala.

Vita ikaisha. Deusi alirudi mzima, amekonda, na nilipomweleza alikwenda kukaa ndani ya lori mpaka jioni. Utani wa maziwa hakuutamka tena maishani mwake.

Nilipopata mimba nyingine nilikwenda kliniki mjini, na nesi mmoja, binti mdogo tu kwangu, akanieleza bila kujua anachonieleza. Alisema ubongo ndio unaoamrisha maziwa yashuke. Mama akiwa na hofu kubwa, kichwa kinafikiria kukimbia tu, amri haitoki, na maziwa yanabaki yamefungiwa ndani. Dawa yake ni kumtuliza mama na kumwacha mtoto kifuani, anyonye tena na tena mpaka yashuke.

"Kwa hiyo yalikuwepo?" nikamwuliza.

"Yalikuwepo, mama."

"Na sumu?"

"Sumu gani?"

Niliteremka ngazi za kliniki, nikakaa kwenye jiwe, nikalia yale ya Muleba yote. Halafu nikapanda gari kwenda Kanazi, nikamkuta Ma Paskazia ananichemshia ndizi, nikazila. Sikumwambia.

Sasa mimi ni mwanamke mzee, nimerudi kukaa Bukoba. Ndege za abiria zinapita chini hapa zikielekea kiwanjani, wajukuu wanakimbia nje kuzipungia mikono. Mimi najibana ukutani, kifua kikavu kama siku ile. Nimejieleza mara ngapi kwamba ni watu wanakuja likizo! Mwili haujali maelezo. Wanangu wanne walinyonya wakashiba, lakini nikiulizwa nina watoto wangapi, huwa nasema watano, na anayetaka kubishana abishane.

Ma Paskazia aliuguzwa na mimi mpaka mwisho wake. Siku moja nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, akaushika mkono wangu.

"Leokadia, yule mtoto wa Kibeta, alikua?"

"Alikua, mama. Ana watoto wake."

Uji ulimchuruzika kidevuni, nikamfuta.

"Basi yako hayakuwa na sumu."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo nusu ya maisha yangu. Nilikuwa na jibu lake, nimelinoa vizuri, nalijua kwa moyo. Nikaitazama ile mikono iliyonikamua, imebaki mifupa.

"Yalikuwa nayo, mama," nikasema. "Wewe ndiye uliyeikamua ikaisha."

Sidhani kama aliniamini. Akafungua kinywa, nikamlisha.