Kurasa za Sura ya Tisa

Miaka kumi na minane nimefanya kazi na mkutubi wa shule yetu, sijawahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba mkuu hayupo. Uongo huo ni wangu mimi karani. Basi siku mkuu wa shule alipomwekea makopo mawili ya gundi mezani, roho iliniruka.

"Sura ya tisa, mama. Ile ya mageuko ya viumbe. Bandika kurasa zake kwenye vitabu vyote vya baiolojia kabla ya Ijumaa. Wazazi wamechachamaa, wanasema shule ya serikali inawafundisha watoto kwamba babu zao ni nyani."

"Na mtihani wa taifa wiki tatu zijazo?"

"Mimi natumwa tu," mkuu akajibu, huyoo, akajiondokea.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyewachochea wazazi ni kaka yake mkutubi, tumbo moja, mwenyekiti wa kamati ya shule. Ndiye aliyemsomesha dada yake huyo.

Nikamfuata mkutubi katikati ya makabati. "Wewe, usijiponze. Koroga unga wa ngano na maji, pakaza pembeni tu. Kamati ikija itaona kurasa zimeshikana. Wakiondoka, watoto wanazibandua kwa rula. Nani atajua?"

"Mungu atajua," akasema. "Sibandiki, na sidanganyi."

Jamani! Nilitamani kumzaba kibao. Mtu wa ibada kutushinda sote, haamini hata mstari mmoja wa sura ile, halafu yuko tayari kufukuzwa kwa ajili yake!

Ijumaa kamati ikakaa chumba cha walimu. Mimi naandika muhtasari, yeye amesimama.

"Dada, unaiamini sura hiyo?" kaka yake akauliza.

"Siiamini, kaka. Hata kidogo."

"Sasa unang'ang'ania nini?"

"Mtihani hauniulizi mimi, unawauliza watoto. Wakiacha patupu, atakayefeli ni nani? Wewe?"

Mjumbe mmoja akapiga meza. "Huyu ni mkaidi, aondolewe!" Wakapiga kura. Watatu wakanyanyua mikono, watatu wakakataa. Macho yote yakamgeukia mwenyekiti. Mkono wake ukapanda polepole, na wala hakumtazama dada yake.

Dada hakulia. Alimwekea funguo mbele yake. "Vitabu ni mia moja na arobaini, kaka. Gundi iko dirishani. Mimi sikuweza, kabandike mwenyewe."

Mkuu akatazama dari. Hakuna mwalimu aliyejitolea. Mwenyekiti akainuka, kakaza uso, akaenda maktaba. Nikamfuata kwa hasira, na umbea pia, sikatai.

Maktaba ilijaa watahiniwa, vichwa chini, sura ya tisa imefunuliwa kila meza. Waliposikia kifuniko cha kopo kikifunguka, wakainua vichwa. Kisha binti yake mwenyewe, aliyekaa mstari wa mbele, akainuka. Akamletea kitabu, amekishika kwa mikono miwili, ukurasa wazi.

"Anza na changu, baba," akasema, sauti ikimkatika. "Nilikuwa bado sijamaliza."

Baba mtu akasimama pale na brashi mkononi, gundi inamdondokea viatuni.