Mzee wa fidla kutoka Louisiana alivyonipotea Brussels siku ya show

Wakuu, salamu kwenu mliopo nyumbani na mliotawanyika kama mimi.

Hii sikusimuliwa, imenikuta mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Wenye haraka mtanisamehe, nimejaribu kuifupisha nikashindwa.

Mimi ni Mtanzania, naishi Berchem-Sainte-Agathe, kwenye zile flats za familia. Kazi yangu ni ulinzi, nakaa mlangoni kwenye ofisi moja kule Schuman. Nje ya kazi napiga gitaa.

Kuna Mbelgiji mmoja mstaafu, tumwite Luc, ana kikundi cha watu wanaopenda muziki wa Weusi wa vijijini Louisiana, Marekani. Siyo ile blues mnayoijua. Huu ni wa fidla na akodioni, unaimbwa kwa Kifaransa chao cha kizamani. Mara ya kwanza kuusikia nilisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, koti sijavua. Wakanipokea, nikawa napiga gitaa la kusindikiza.

Mwaka jana Luc akafanikiwa kumleta mpiga fidla wa huko huko, Mzee Clovis. Mtu mrefu, mpole, kapita sabini, fidla kafundishwa na baba yake. Kijijini kwao waliokuwa wanaujua ule mtindo wamekufa karibu wote.

Mzee hapendi hoteli, kwa hiyo akafikia kwangu. Luc akaniambia mbele ya wenzangu, "Huyu yuko mikononi mwako. Ana kisukari, asikae bila kula."

Nikamwambia aondoe wasiwasi.

Jumamosi ya show, mchana, nikampakulia wali na kuku. Akajidunga insulin yake pale mezani nikimwona, akasema anakula sasa hivi. Mimi nikatoka kupeleka spika ukumbini. Ukumbi uko Uccle, upande wa pili wa jiji, na siku hiyo foleni ilikuwa ya kukatisha tamaa.

Narudi, nyumba kimya.

Sahani iko vile vile nilivyoifunika. Simu yake iko kwenye chaji. Kipochi chake cha kupimia sukari kiko pembeni ya sahani. Fidla haipo.

Kwa wasiojua, mtu akishajidunga ile dawa halafu asile, sukari inashuka. Anaanza kutetemeka, anachanganyikiwa, anaweza kuzimika hapo hapo. Mama yangu mdogo aliwahi kuanguka hivyo sokoni, watu wakadhani kalewa. Hilo ndilo lililonijia kichwani. Mzee wa watu kaanguka sehemu, wapita njia wanamruka wakidhani ni mlevi.

Nikabeba kipochi, nikashuka ngazi mbio.

Benchi la chini, hayupo. Kituo cha tram, hayupo. Nikaingia famasi, nikaingia kwenye duka la mkate, kote wananitingishia kichwa. Kifaransa changu cha kuungaunga siku hiyo kilinikimbia kabisa, nikabaki naonyesha kwa mikono mtu anayepiga fidla. Watu wananiangalia kama mimi ndiye nimepotea.

Luc anapiga simu. Sikupokea. Kapiga tena, sikupokea. Ningemwambia nini?

Nimeshaanza kupiga namba ya dharura ndipo nikamwona mama mmoja Mkongo, kavaa kitenge cheusi, anavuka barabara na sufuria. Nikamsalimia kwa Kiswahili, nikamuuliza.

"Ule papa wa violon?" akasema. "Nilimuona. Alifuata bamama ya chorale, bakaingia naye kwa salle. Tuko na kilio kule. Bon, kuya, tuende."

Ukumbi wenyewe ni wa chini kwenye block ya pili tu kutoka kwangu. Nimepita pale miaka yote bila kujua ndani kukoje.

Nikaisikia fidla kabla ya kufungua mlango. Nikasema yuko hai, nikasukuma mlango. Nikaingia, nafuu yote ikaisha.

Watu wamejaa kwenye viti vya plastiki. Mbele kuna picha ya marehemu na mshumaa. Mzee Clovis kakaa karibu na mjane, anapiga kitu cha polepole sana ambacho sijawahi kukisikia kwenye mazoezi yetu. Jasho linamtiririka. Mkono wa upinde unatetemeka, na siyo kwa hisia.

Nikapita katikati ya watu, nikamwambia kwa Kiingereza, "Mzee, acha kupiga kwanza, unahitaji sukari."

Akatikisa kichwa. "Wimbo ukianza kwa marehemu, haukatwi."

Mjane, wanamwita Maman Béatrice, alikuwa tayari na chupa ya soda mkononi. "Nilimuona anatetemeka," akaniambia. "Anakatala kunywa. Donc, acha apige, miye nitamunywesha."

Wakuu, nilishuhudia hivi. Mama aliyefiwa na mumewe kapiga magoti, kashika mrija kwenye midomo ya mgeni asiyemjua, na mgeni anakunywa huku upinde unaendelea. Hakuna aliyecheka. Mimi nimeshika kipochi, naomba tu fidla isidondoke.

Wimbo ukaisha. Mzee akaegemea kiti, macho yanajifumba.

Mmoja wa waombolezaji ni nesi. Akachukua kipochi, akampima, uso wake ukanionyesha kwamba tulikuwa pabaya. Wakamlisha mkate, wakamwongezea soda, akampima tena, kisha tena. Kila akipima mimi nageukia ukutani. Mwishowe akasema, "Inapanda. Atapona." Ndipo nikapokea simu ya Luc.

Nilimweleza ukweli. Akasema, "Watu wamekaa wanasubiri. Waache wasubiri."

Tulifika Uccle tumechelewa sana, baadhi ya watu wameshaondoka. Mzee alipiga amekaa, nyimbo chache, vizuri. Mimi nilikosea chord nyingi maana macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake muda wote.

Kesho yake jikoni nikamuuliza ule wimbo wa msibani. Akasema hauna jina. Kwao ulikuwa wa kupigwa nyumba yenye maiti tu, alipewa na baba yake. Siku hizi kwao misiba wanakodi muziki wa spika. Mara ya mwisho aliupiga kwa kaka yake, akajua umeishia hapo. Alikuwa ametoka nje kukaza nyuzi tu, akawasikia wale akina mama wakiimba njiani, hata chakula akakisahau.

Akanifundisha kwa gitaa, taratibu, mpaka ukaniingia. Sharti moja: nisiupige baa wala jukwaani.

Nilichojifunza ni kwamba ukiambiwa mtu yuko mikononi mwako, usiondoke kabla hujamwona akitafuna. Na uwajue majirani zako kabla hujawahitaji.

Mzee bado yupo, kwao Louisiana, tunaongea. Asipopokea simu siku mbili, usingizi unakatika. Wimbo ninao, sijawahi kuupiga mbele ya mtu, na naomba nikae nao hivyo hivyo miaka mingi.

Mliowahi kupotelewa na mgeni au mgonjwa mliyekabidhiwa, mlifanyaje? Niandikieni, nasoma zote.