Abiria Mmoja wa Kwenda Bukoba

Wiki iliyopita, nikiwa kwenye nyumba ya wageni Tunduma, nilipandishwa cheo. Usinipongeze haraka. Mimi si rubani. Ni mtu wa kuzunguka nchi nikiuza vipuri vya pikipiki, na jioni, badala ya kukaa baa, nafungua kompyuta yangu narusha ndege za kuigiza. Nimejiunga na shirika la ndege ambalo halina hata gurudumu moja la kweli. Marubani wake tumejifungia vyumbani, kila mtu nchi yake, lakini vyeo vipo, ratiba ipo, ndege zipo. Unaanza mwanafunzi na ndege ya injini moja, ukikusanya saa za kutosha unapandishwa na kufunguliwa ndege kubwa zaidi. Ujumbe ulisema sasa mimi ni kapteni. Nilicheka peke yangu kitandani. Kapteni? Ukapteni mimi niliupata kabla sijaota ndevu, kule Bugene, Karagwe!

Ngoja nikupeleke. Mama alikuwa amehamishwa kikazi, akaona ni afadhali nikae kwa kaka yake hadi nimalize kidato cha pili. Nikapanda basi Morogoro. Tulilala Singida, tukabadili gari Kahama, tukavuka pori la Biharamulo tukisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi, abiria wote kimya, hata watoto wachanga. Nilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kisha gari likaanza kupanda, baridi ikaingia dirishani, na kulipokucha nikaona migomba. Migomba huku, migomba kule, ukungu umelala katikati yake kama maziwa yaliyomwagika. Jioni ile nilikula ndizi zilizopikwa na maharage, sufuria imefunikwa kwa majani ya mgomba, nikasahau kuwa nilikuwa nimepanga kulia.

Mjomba alikuwa mwalimu wa fizikia. Shule yake ilikuwa imepewa kompyuta moja na wageni fulani, na ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na mchezo wa kurusha ndege. Umeme wa kuiwasha ulikuwa wa jenereta, na jenereta iliwashwa Jumamosi asubuhi tu, kupandisha maji kwenye tangi la shule. Maji yakianza kumwagika juu, mlinzi anazima. Kwa hiyo safari zetu zote zilipimwa kwa tangi. Ukichelewa kutua, tangi likijaa, kioo kinakuwa cheusi na wewe bado uko angani. Mjomba alihesabu hiyo kuwa ajali.

Alituanzishia shirika. Ndege zilikuwa tatu. Ndogo ya injini moja tuliiita Mbayuwayu. Ya injini mbili ilikuwa Korongo. Ile kubwa ya kwenda kasi tuliiita Pembe, maana mabawa yake yalirudi nyuma kama pembe za ng'ombe wa kwetu kule. Hukugusa kitu bila cheo. Mimi nilianza kwa kufagia vumbi chumbani na kubeba dumu la dizeli, nikapanda kuwa mhudumu, na mhudumu wa shirika letu aligawa kahawa za kutafuna, zile kavu zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, anapita na kikapu kidogo huku ndege iko juu ya ziwa. Kila cheo kilikuwa na mistari ya maganda makavu ya mgomba yaliyoshonwa begani. Rubani msaidizi mitatu. Kapteni minne. Mwenye minne alikuwa mmoja tu, binamu yangu, binti wa mjomba, aliyenizidi mwaka mmoja na maneno elfu moja.

Tena ilikuwa lazima kuwe na abiria. Mjomba hakukubali ndege iruke tupu. "Rubani asiye na watu nyuma anacheza," alikuwa akisema. Basi waliokuja shuleni kuchota maji waliitwa waingie, wakae kwenye mabenchi mawili nyuma ya kiti cha rubani. Wakulima, akina mama wenye ndoo, vibarua waliotoka kupalilia, walikaa wamenyooka, wakitazama kioo. Wengine walisali kabla ya kuruka, kwa Kinyambo, kwa Kinyarwanda, kila mtu na Mungu wake wa nyumbani. Jasho lilikuwa linanitoka, nakwambia! Mpaka leo sijawahi kufanya kazi mbele ya watu makini namna ile.

Ili uwe kapteni ulitakiwa kuitoa Korongo Mwanza, kuvuka ziwa, na kuitua Bukoba, abiria wakiwa nyuma na mjomba pembeni. Bukoba ni uwanja mwembamba ulio ukingoni mwa maji. Ukishuka mapema, unaoga. Mimi nilikuwa nimeoga mara mbili.

"Samaki wa lile ziwa wanamjua huyu kwa jina," binamu aliwaambia abiria. "Wakisikia injini wanatandika mkeka."

"Wewe subiri," nikamwambia.

"Nasubiri tangu mvua za vuli zilizopita, mtu wa Morogoro."

Sasa ikaja Jumamosi yangu ya mwisho. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umekwisha na tiketi ya basi la Jumatatu ilikuwa mezani kwa mjomba. Nikishindwa leo, ningeondoka Karagwe na mistari mitatu, na binamu angebaki na hadithi ya samaki maisha yake yote. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi kulikuwa na ubaridi na harufu ya majani mabichi. Mabenchi yalijaa. Mbele kabisa alikaa bibi jirani, mwanamke mkongwe ambaye hakuwahi kuingia chumba kile hata siku moja. Alikuja na ndoo yake, akaniuliza ndege inakwenda wapi.

"Bukoba, bibi."

"Kwa mwanangu," akasema. Binti yake aliolewa huko. "Basi nami nakwenda, waitu," akaongeza, kwa neno lao la heshima.

Nikaruka. Ilikuwa safari nzuri, ziwa limetulia, sindano zote za vipimo mahali pake. Binamu alikaa kulia kwangu kama msaidizi, kwa lazima, akisoma mwinuko kwa sauti ya kuchoka. Nje nilisikia maji yakipanda ndani ya tangi, mlio unaobadilika kadiri linavyojaa, na nilijua muda nilionao. Visiwa vikapita. Nikaanza kuteremka. Kwa mbali ukaonekana mstari mweupe wa uwanja.

Hapo ndipo sauti ilipolia kutoka kiwanja cha mpira.

"Senene! Senene wameanguka!"

Ndugu yangu, kama hujaishi Kagera, huwezi kuelewa. Senene, panzi wale watamu wa kukaanga, hawatoi taarifa. Unaamka na nyasi zote zimejaa, kijani na kahawia, na ukichelewa kidogo wenzako wamemaliza. Benchi la nyuma liliondoka lote kwa pamoja. Ndoo zikagongana mlangoni. Binamu aliacha kusoma katikati ya namba, akavua sweta ili alifanye mfuko, akatoka mbio. Nikamgeukia mjomba, mwalimu wa fizikia, mkuu wa shirika, mtu wa sheria.

"Endelea hivyo hivyo," akasema, "usipoteze mwinuko." Naye akatoka dirishani, maana mlango ulikuwa umezibwa na watu.

Nilibaki na ndege. Miguu yangu ilitaka kwenda. Nje walikuwa wanacheka na kupiga kelele, nasikia makopo, nasikia jina langu. Hata mlinzi wa jenereta alikuwa kiwanjani. Tangi likaanza kumwagika na hakuna aliyekwenda kuzima. Nikashika usukani kwa mikono miwili. Maji ya ziwa yakakaribia, yakakaribia, nikainua pua kidogo tu, magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena. Nikabana breki. Korongo ikasimama katikati ya uwanja wa Bukoba.

Waliporudi, wamelowa umande hadi magotini, binamu alitazama kioo.

"Ameibandika hapo," akasema. "Kuna kitufe cha kuiweka ndege uwanjani. Baba, mimi mwenyewe nakijua."

"Nimetua!"

"Nani kakuona?"

Mjomba alijikuna kidevu, senene mmoja bado anatembea kwenye kola yake. Nilimwona anatafuta namna ya kunihurumia, na huruma sikuitaka.

"Mimi nilikuwemo," sauti ikasema nyuma yetu.

Bibi jirani alikuwa bado benchini. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa ubao, vidole vimekaza. Ndoo iko miguuni.

"Bibi!" binamu akashangaa. "Hukwenda kwenye senene?"

"Ningeshukaje, na tulikuwa juu ya maji?"

Hakuna aliyecheka. Yeye akaendelea, polepole, akichanganya Kiswahili na Kinyambo: tuliona visiwa, tukaona mji, chombo kikatikisika mara mbili, kikasimama. Kisha akaniuliza kama sasa anaweza kuteremka.

Mjomba akanyoosha mgongo. "Sheria inasema abiria afike," akatangaza. "Abiria amefika." Akamshika bibi mkono akamsaidia kusimama. Na watu wale, bila kuambiwa, kila mmoja akachota senene kwenye kopo lake akatia kwenye ndoo ya bibi, mpaka akawa nao wengi kuliko aliyekimbia wa kwanza. Mistari yangu minne ilishonwa mchana huohuo. Binamu ndiye aliyeshona, akinichoma sindano makusudi.

Leo vyeo vyangu vinatolewa na mashine. Inahesabu saa, inatuma ujumbe, imekwisha. Ndege ninazoruhusiwa sasa ni kubwa mno, viti vingi sana, na nyuma yangu hakuna hata mtu mmoja wa kusali kabla ya kuruka au kutema ganda la kahawa. Bibi yule alikwishafariki. Mjomba alistaafu. Ile kompyuta sijui ilitupwa wapi, na naambiwa watoto wa Bugene siku hizi wanarusha ndege kwenye simu, kila mmoja na yake, kichwa chini. Sijawahi kurudi. Nimefika Kahama mara nyingi nikaishia hapohapo.

Jumatatu ile mjomba alinipeleka stendi ya Kayanga nikiwa na shati lenye mistari begani, kifua mbele, nadhani hata mwendo wangu ulibadilika. Binamu alinipa mkono kama mtu mzima na hakusema neno la samaki. Basi lilipoanza kuteremka, kondakta akasimama mbele yangu.

"Hayo maganda begani ni ya nini, dogo?"

"Mimi ni kapteni," nikasema.

Alinitazama vizuri, wala hakucheka. Nyuma yake alisimama mama mwenye mtoto mgongoni na kuku kwapani.

"Sawa, kapteni," akasema. "Basi mpishe abiria akae."

Nikasimama mpaka Biharamulo.